Leza ya mkono ya kuchomea nakshi milangoni: miwani iliyokuja kwenye boksi inatosha kweli?

Nakshi_Dunda, Bagamoyo

Wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana.

Napamba milango ya mninga na mvule. Maandishi madogo kama majina na tarehe yanatoka safi zaidi kwa kuchoma kuliko kwa patasi, kwa hiyo natumia leza ya buluu ya nanomita 450. Kibandiko kinasema 40W, adapta yake ni ya volti 12, ampea 3. Ilikuja imefungwa kwenye fremu ya reli ya sentimita 40 kwa 40, na mlango una mita mbili, basi leza nimeichomoa na naishika mkononi nikifuata mstari wa penseli. Mwale unakaza kwenye sentimita 5 kutoka mdomo wa leza. Mlango unalala mezani, sebuleni.

Kwenye boksi kulikuwa na miwani ya plastiki ya kijani iliyoandikwa "200–2000 nm", hakuna kingine. Nataka kujua kama inatosha. Pia watoto hupita hapo na wateja hupenda kusimama kutazama, wao wafanyeje? Na milango mingine tayari ina vanishi, njumu za shaba na komeo. Hizo nazo zina hatari au nijali mwale wenyewe tu?

---

Waya_Chumbageni, Tanga

Kaka, hiyo leza isiwashwe tena mpaka upate miwani ya kweli. Nitaeleza kwa nini, uone kwamba si kutishana.

Anza na kibandiko. Volti 12 mara ampea 3 ni wati 36 za umeme unaoingia, wakaandika 40. Mwanga unaotoka kwenye moduli za aina hiyo huwa wati 5 au 5.5. Mtu akisikia hivyo hupumua, anadhani amepunguziwa hatari. La hasha. Leza ya mwanga unaoonekana ikizidi miliwati 500 tayari iko Daraja la 4, na juu yake hakuna daraja jingine. Kalamu ya leza ya kuonyeshea ubaoni ya Daraja la 2 haizidi miliwati 1. Yako ni kalamu elfu tano kwa pamoja.

Jicho lenyewe ndilo linalokuza madhara. Konea na lenzi hupitisha mwanga wa kati ya nanomita 400 na 1400 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga, ndio unaoamua rangi yake) hadi kwenye retina, na huukusanya. Mwale uliojaa mboni iliyofunguka milimita 7 unaishia kuwa kidoa cha mikroni 10 hadi 20 kule nyuma, na ukali wake kwa kila eneo unaongezeka karibu mara laki moja. Tunajikinga kwa kupepesa, lakini kupepesa huchukua kama robo sekunde, na robo sekunde hiyo inaokoa jicho kwa miliwati 1 tu. Kwa wati 5 retina imeshaungua kabla kope hazijasogea. Na haiumi, kwa sababu retina haina neva za maumivu. Mtu anaona mmweko, anaendelea na kazi, doa analigundua baadaye akisoma.

Sasa miwani yako. Mwanga wote ambao binadamu anauona uko kati ya nanomita 400 na 700. Miwani ambayo kweli ingezuia kuanzia 200 hadi 2000 ingekuwa sawa na kufungwa kitambaa usoni. Wewe unaona mbao kupitia miwani hiyo, kwa hiyo yale maandishi si ya kweli. Na haina namba ya OD, yaani kipimo cha lenzi inazuia mwanga kiasi gani. Miwani ya leza isiyotaja urefu wa wimbi na OD kwa pamoja ni plastiki ya rangi tu.

OD ihesabu hivi: kila namba moja ni sifuri moja. OD 1 inapitisha sehemu moja ya kumi, OD 2 moja ya mia, OD 3 moja ya elfu. Kwa wati 5, OD 3 inakubakizia miliwati 5, ambayo bado ni nyingi mno. OD 4 inabakiza nusu miliwati. Hapo ndipo usalama wa mmweko mfupi unapoanza, lakini hakuna nafasi ya kosa. Nunua OD 5 au zaidi.

Kwa kibandiko, tafuta kiwango cha EN 207. Utaona kitu kama "425–470 D LB5". Namba za mwanzo ni nanomita, D ni leza inayowaka mfululizo kama yako, LB5 ni daraja la kustahimili: lenzi ya LB5 imejaribiwa kuhimili mwale wa wati milioni moja kwa mita ya mraba bila kuyeyuka wala kupasuka. Mwale wako ukitoka mdomoni una upana wa milimita chache tu, yaani kama wati laki tatu kwa mita ya mraba, kwa hiyo LB4, inayoishia laki moja, haikutoshi. Alama za EN 166 na ANSI Z87.1 ni za vumbi na vipande vinavyoruka. Fundi anayeona "Z87" akadhani ni ya leza amevaa miwani ya kukatia tofali.

Kuna mtego mmoja. Miwani mingi imeandikwa "190–450". Diodi ya buluu, ile chembe inayotoa mwanga ndani ya leza, haikai kwenye 450 kamili. Moja hadi nyingine zinatofautiana kwa nanomita kadhaa, na ikipata joto inasogea juu. Ikiwa yako ni 456, uko nje ya kinga. Chagua ambayo 450 iko katikati ya safu, si ukingoni.

Rangi ya lenzi itakuwa ya chungwa au nyekundu, kwa sababu lazima imeze buluu. Ukivaa, khanga ya buluu ionekane nyeusi na taa ndogo ya buluu ya chaja isionekane waziwazi. Ikionekana waziwazi, tupa. Isipoonekana, bado hujathibitisha OD, umeondoa tu zile feki za kupindukia.

---

Nakshi_Dunda

Ahsante sana mkuu, nimezima. Ila nimeambiwa na watu kwamba miwani ya jua miwili mmoja juu ya mwingine, au kioo cha welding, vinasaidia wakati nasubiri. Halafu mimi huwa siangalii mwale, naangalia doa kwenye mbao tu.

---

Nuru_Pangani

Miwani ya jua hapana, kaka, hata mitatu. Miwani mmoja mweusi unapitisha kama asilimia 10 hadi 20 ya mwanga. Hiyo ni OD 1 kwa bahati. Mwale wa wati 5 ukibaki nusu wati bado ni janga. Zaidi ya hapo, nyuma ya kioo cheusi mboni inapanuka kwa sababu ya giza, mlango unafunguka zaidi kwa mwanga utakaopenya.

Kuhusu doa, hapo wengi wanajidanganya kwa nia njema. Mbao isiyong'aa inatawanya mwanga pande zote, na ndiyo maana doa unaliona ukiwa popote chumbani. Uso wako ukiwa sentimita 30 kutoka doa la wati 5 kwenye mbao nyeupe, kila mita ya mraba inapokea karibu wati 14. Kikomo cha mmweko wa robo sekunde ni wati 25, kwa hiyo kutupia jicho mara moja kunapita. Lakini buluu ina tabia yake: mbali na kuunguza kwa joto, inaharibu retina kikemikali, pole pole, na madhara yanajumlishwa siku nzima. Ukikodolea dakika mbili au zaidi, kikomo kinashuka hadi kama wati 1 kwa mita ya mraba. Sasa jina moja unalichoma dakika ngapi? Ukiinama zaidi, sentimita 15, ile 14 inakuwa 56, na hapo hata kutupia jicho kumeshavuka kikomo. Mninga inarudisha kidogo kuliko mbao nyeupe, ni kweli, lakini usijenge kinga yako juu ya rangi ya mbao.

Vanishi na shaba ndivyo vinanipa wasiwasi zaidi, na nafurahi umeuliza. Uso unaong'aa hautawanyi, unarudisha mwale ukiwa mwale. Vanishi kavu inarudisha kama asilimia 4 ukiipiga wima. Zinasikika chache, lakini asilimia 4 ya wati 5 ni miliwati 200, mara mia mbili ya kalamu ya ubaoni. Kioo cha dirisha, kwa kuwa kina nyuso mbili, kinarudisha kama asilimia 8, yaani miliwati 400. Na ukiinamisha leza, kama mkono unavyofanya wenyewe ukichoka, kinachorudi kinaongezeka. Komeo bapa la shaba lililosuguliwa linarudisha sehemu kubwa zaidi, nusu hivi.

Una bahati moja: leza yako imekazwa kwa sentimita 5. Ikipita hapo mwale unafunguka haraka, karibu sentimita 8 kwa kila mita. Kwa wati 5, mwale unaacha kuvuka kikomo cha robo sekunde ukishapanuka kufikia nusu mita. Piga hesabu: kwa moduli yako ikimwelekea mtu moja kwa moja, ni mita 6 na kitu. Ukirudi kutoka kwenye komeo bapa, mita 4 na nusu. Kutoka kwenye vanishi, mita 1 na robo, na wewe uliyeinama uko ndani ya hiyo mita 1 na robo kila wakati. Sebule yenyewe ina mita ngapi? Chumba chote ni eneo la hatari, hakuna kona ya mteja kusimama.

Zile tochi za leza zenye mwale mwembamba unaoenda mbali ni balaa jingine. Mwale wake unapanuka milimita 1 tu kwa kila mita, basi wati 5 hizo hizo zinafika mita 500 zikiwa bado na uwezo wa kudhuru jicho, na kumpofusha mtu kwa mwanga mbali zaidi ya hapo. Ukiielekeza dirishani upande wa bahari, umewafikia wavuvi kwenye ngalawa. Hakuna matumizi ya nyumbani ya kitu hicho. Na ukiona kwenye leza yako kuna pete ya kuzungusha lenzi, jua kwamba kwa kuizungusha tu unaweza kuhama kutoka mita 6 kwenda mia tano bila kujua. Ikaze kwa gundi ukishapata mkazo wa mwale unaoutaka.

Njumu ziko tofauti na komeo. Kwa kuwa ni za mviringo, zinautawanya mwale kama upepeo uliofunguliwa: unapoteza nguvu haraka, lakini huwezi kutabiri unaelekea wapi. Zifunike kwa mkanda wa karatasi usiong'aa, ule wa wapaka rangi, kabla hujawasha. Komeo na bawaba zitoe kabisa. Na mlango wenye vanishi uchomwe kabla ya vanishi, si baada. Mteja akileta uliokwisha kupakwa, kwangua sehemu hiyo kwa msasa mpaka mng'ao uishe.

---

Geti_Ngamiani, Tanga

Kwa kuwa kioo cha welding kimetajwa: kimetengenezwa kwa mwanga wa arki unaosambaa, hakijapimwa kwa mwale wa leza unaogonga nukta moja. Usikitumie kwa leza yoyote.

Na naomba tusichanganye, maana siku hizi kuna mashine za kuchomelea mageti kwa leza, nazo zinashikwa mkononi. Hizo ni za nanomita 1070 hadi 1080, wati 1,000 hadi 2,000, na mwale wake hauonekani kabisa. Miwani ya chungwa ya buluu haizuii hata chembe pale. Zinahitaji OD 6 kwa uchache, na wauzaji makini hutoa 7, kwa nanomita hizo hizo. Alumini na chuma kisichoshika kutu vinaurudisha mwale kama kioo. Ule mwale mwekundu mdogo unaouona ni wa kulengea tu, usidhani ndio kazi. Hiyo si mashine ya uani nyumbani, inataka chumba chake chenye mlango unaokata umeme ukifunguliwa.

Ya kijani nayo ina kasoro yake. Tochi nyingi za kijani za nanomita 532 zinatengeneza kijani kutokana na miale miwili isiyoonekana, 808 na 1064. Za bei rahisi huwa hazina kichujio cha kuizuia, basi inatoka pamoja na kijani. Miwani iliyoandikwa 190–540 itakuonyesha giza zuri la kijani huku ile isiyoonekana ikipita. Ukitumia aina hiyo lazima miwani itaje na 808 na 1064.

---

Waya_Chumbageni

Kaka Nakshi, nimerudia kusoma swali lako, na kuna jambo tulilipita. Ulichomoa leza kwa sababu mlango hauingii kwenye fremu. Fremu nyingi za reli hazina sakafu. Fremu ndiyo iende kwa mlango: ilaze juu ya mlango wenyewe, choma kipande, sogeza. Hutahitaji kuishika mkononi tena, na hiyo inaondoa hatari kubwa kuliko miwani yoyote, kwa sababu mkono ndio unaopeleka mwale kusikotarajiwa.

Piga mistari miwili ya penseli kwa urefu wote wa mlango, sambamba, upana wa miguu ya fremu. Weka alama kila sentimita 30. Eneo la kuchoma ni kama sentimita 38, hivyo vipande vinapandana kidogo na una nafasi ya kurekebisha. Bandika kigongo chembamba cha mbao kwenye mstari mmoja ili fremu iteleze bila kupinda. Kipande cha kwanza kijaribu kwenye ubao wa taka kwa nguvu ya asilimia 1, uone kama mstari unaungana.

Juu ya fremu weka sanduku lisilo na sakafu. Plaiwudi ya milimita 9, upana sentimita 60 kwa 60, kimo sentimita 30. Ndani paka rangi nyeusi isiyong'aa. Ukingo wa chini uzungushie kitambaa kinene cheusi ili mwanga usivuje mlango usipokuwa bapa. Moshi utolewe kwa feni ya kompyuta ya volti 12 kupitia bomba lenye kona mbili. Bomba lililonyooka ni dirisha la mwale. Usitoboe tundu la kuchungulia. Weka kamera ndogo ya bei rahisi ndani na uangalie kwenye simu. Kamera ikiungua utanunua nyingine.

Kwa umeme, kata kwenye waya chanya wa volti 12 unaotoka kwenye adapta, na uweke vitu vitatu kwa mfululizo: swichi ya ufunguo, swichi ndogo ya kubonyezwa na sanduku lenyewe likiwa limekaa, na swichi ya mguu ya kukanyaga na kushikilia, kama pedali ya cherehani. Zote ziwe za ampea 5 au zaidi. Sanduku likiinuliwa, leza inazima. Mguu ukiondoka, inazima. Ufunguo unakaa na wewe mfukoni, watoto hawawashi.

Usifanye ujanja wa kuweka swichi kwenye ule waya wa tatu mwembamba wa PWM, unaoamuru nguvu ya leza, kwa sababu unabeba umeme kidogo. Kuna moduli ambazo waya huo ukichomoka au ukikatika, leza inawaka kwa nguvu zote. Swichi ya usalama ambayo ikiharibika inawasha mashine si ya usalama.

Sanduku likiwepo, miwani bado unavaa. Linapungukiwa siku kitambaa kimeliwa na panya na hukuona. Na usiondoke ukaiacha inachoma peke yake. Reli ikikwama, mwale unakaa sehemu moja, na mbao kavu haikawii kushika moto. Ndoo ya mchanga iwe karibu.

---

Nuru_Pangani

Naongeza kuhusu chumba, kwa siku ambazo sanduku halijawa tayari au kipande cha mlango kimepinda na fremu haikai.

Tunafundishwa kuweka mwale chini ya usawa wa macho, chini ya kiuno kama inawezekana. Ni kanuni nzuri ya karakana ya watu wazima. Nyumbani, chini ya kiuno chako ndipo macho ya mtoto wa miaka mitatu yalipo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba chumba hakina mtu mwingine, na komeo la mlango limefungwa kwa ndani. Mteja ataona kazi ikiisha. Akitaka sana kutazama, mpe simu yenye picha ya kamera akiwa chumba kingine.

Mwale uelekee chini daima, na chini yake, nyuma ya mbao, kuwe na tofali la saruji lisilopakwa rangi. Si marumaru, si bati. Televisheni, sufuria, fremu za picha na ndoo yenye maji vitoke. Vioo vya luva vifunikwe kwa plaiwudi. Pazia haisaidii, inaungua. Vua pete na saa.

Taa iwe kali. Kwenye mwanga mzuri mboni inakaa milimita 2 au 3, gizani inafika 7, na hiyo ni tofauti ya karibu mara nane kwa eneo. Mafundi wengi huzima taa ili doa lionekane vizuri, na ndivyo wanavyojiongezea hatari. Mchana mlango wazi wa nyuma ungefaa kwa mwanga, lakini basi hauna tena chumba kilichofungwa, kwa hiyo taa. Na kama leza yako inatumia betri, umeme ukikatika leza itaendelea kuwaka huku chumba kikiwa giza na mboni zinafunguka. Mguu utoke kwenye pedali kwanza, kabla ya kutafuta tochi.

---

Macho_Tanga

Nasoma na kufurahi kwamba swali limeulizwa kabla ya ajali. Niweke upande wa jicho, kwa sababu likitokea watu wanapoteza muda kwa mambo yasiyosaidia.

Baada ya mmweko, kivuli cha rangi kinachoelea mbele ya macho na kufifia ndani ya dakika chache ni mshtuko wa mwanga, kama wa flashi ya kamera. Kinachotakiwa kukuogopesha ni doa la kijivu au jeusi lisiloondoka na ambalo liko mahali pale pale unapotazama, mistari iliyonyooka kuonekana imepinda, herufi kukosekana katikati ya neno, au rangi kufifia kwenye jicho moja. Damu ikivuja ndani, mtu huona kama moshi au nyuzi nyeusi zinazoelea.

Jicho moja linaweza kuficha kasoro ya lingine kwa muda mrefu, hivyo pima moja moja. Chukua daftari la hesabu lenye miraba. Weka kidoa cha kalamu katikati ya ukurasa, shika sentimita 30, vaa miwani yako ya kusomea kama unayo. Ziba jicho la kushoto, tazama kidoa bila kuhamisha jicho, na ujiulize kama miraba yote ipo na mistari imenyooka. Rudia kwa jicho lingine. Palipopinda au palipokosekana, pazungushie kwa penseli na uende na ukurasa huo kwa daktari. Fundi yeyote wa leza afanye kipimo hiki leo, kabla ya lolote, ili ajue hali yake ya kawaida.

Usisugue. Usitie dawa ya matone ya dukani, asali, maziwa ya mama wala maji ya majani. Jeraha liko nyuma ya jicho, hakuna tone linalofika huko, na utaongeza maambukizi mbele. Nenda siku hiyo hiyo. Aliye Tanga aanzie Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, na akipewa rufaa, KCMC Moshi wana idara kubwa ya macho. Aliye Bagamoyo, Dar es Salaam si mbali: Muhimbili au CCBRT. Sema wazi kwamba ni leza, na uwe umeandika: nanomita ngapi, wati ngapi za mwanga, umbali, mwale wa moja kwa moja au uliorudi, jicho lipi, saa ngapi. Daktari atapanua mboni kwa dawa na kutazama retina, na pakiwa na mashine ya OCT atapata picha ya tabaka zake. Uliza kama wanayo, maana kovu dogo katikati ya retina linaweza kupita bila kuonekana kwa tochi ya kawaida.

Niseme bila kuzunguka: retina iliyoungua haina dawa ya uhakika ya kuirudisha. Baadhi ya majeraha hupungua yenyewe kwa wiki au miezi, na tundu la katikati wakati mwingine hufanyiwa upasuaji. Lakini kovu lililo kwenye kitovu cha kuona linabaki.

Na mtoto hatasema. Ukishuku kwamba leza imemgusa, mpeleke hata kama anacheza kama kawaida.

---

Nakshi_Dunda

Nimeshika yote, Mungu awabariki. Fremu kweli haina sakafu, nimeigeuza nikaona. Plaiwudi naitafuta kesho.

Swali la mwisho: miwani mipya ikifika, naweza kuijaribu kwa leza yenyewe nione kama inazuia?

---

Waya_Chumbageni

Unaweza kuikamata feki, lakini huwezi kuithibitisha nzuri. Na usijaribu ukiwa umeivaa.

Ifunge miwani kwa kibanio juu ya meza, ndani ya sanduku lako. Leza iwe umbali wa sentimita 40 ili mwale uwe umepanuka, kwa sababu ukiupiga pale unapokaza utayeyusha hata lenzi nzuri. Nyuma ya lenzi, sentimita 10, weka karatasi nyeupe. Kamera itazame karatasi. Funga sanduku, nguvu asilimia 10, kanyaga pedali sekunde moja. Rangi ya buluu ikionekana kwenye karatasi nyuma ya lenzi, miwani hiyo haifai, irudishe. Mng'ao wa chungwa ndani ya lenzi yenyewe usikutishe, kuna plastiki zinazong'aa zikimeza buluu.

Karatasi isipoonyesha buluu, ujue tu kwamba si feki ya wazi. Kipimo cha bei rahisi cha nguvu ya leza hakisomi chini ya miliwati kadhaa, kwa hiyo hakitofautishi OD 3 na OD 5. Hapo unategemea kibandiko na cheti cha mtengenezaji. Mwombe muuzaji cheti chenye nanomita na LB kabla hujalipa. Akikwepa, tafuta mwingine.

Kisha hifadhi kwenye kasha lake, mbali na vumbi la msasa. Lenzi ikipata mkwaruzo mrefu, ufa, au sehemu iliyopauka, imekwisha kazi. Nunua mbili, maana siku moja lazima mtu wa pili akushikie mlango.